Nyumba ya Magurudumu na Upepo wa Muthara

Jumanne, 5 Agosti. Karurumo

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba leo saa nne na robo asubuhi birika limepata ndoano yake. Halitaanguka tena. Shughuli ilihudhuriwa na mimi, bisibisi, na kuku mmoja wa jirani aliyepotea njia. Hotuba hazikuwepo.

Limebaki pazia la dirisha la nyuma. Kisha nyumba yangu ya magurudumu imekamilika. Zamani lilikuwa lori dogo la kusambaza mkate, na jua likiwaka bado unasikia harufu ya mkate ndani. Nimeweka kitanda, jiko la gesi, kabati, na juu ya paa tangi la maji la lita mia mbili. Tangi ndilo fahari yangu. Unafungua bomba, maji yanashuka yenyewe. Karimi, mke wangu, analiita gari hili kabati linalotembea. Mimi ni seremala. Alitarajia nini?

Nililijenga kwa sababu moja. Mkwe halali kwa mama mkwe. Ndivyo nilivyolelewa hapa Embu, na huko Muthara kwa kina Karimi ndivyo pia. Miaka ishirini na sita ya ndoa, tukienda kwao, Karimi analala vizuri kwa mama yake, mimi naenda kukodi chumba sokoni, ukutani mwa baa. Muziki hadi kitanda kinacheza. Sasa nitalala kwangu, nje ya lango lake. Nyumba yangu, heshima yake.

Lakini sasa imekuja sababu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Jumamosi tarehe 30 wageni wanakuja hapa kumposa binti yetu Karambu. Amebeba jina la nyanya yake, ndiye mama mkwe wangu. Karambu amesema wazi: nyanya asipokuwa ameketi pale, hao wageni wanywe uji warudi kwao. Na nyanya magoti na mgongo vimekataa. Mwaka juzi alijaribu kuja kwa gari la kawaida, akashukia Meru mjini analia. Ni lazima alale safari nzima. Gari lenye kitanda katika ukoo wote ni moja.

Nafurahi kupita kiasi. Naogopa kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti. Muthara

Siku mbaya.

Lilikuwa jaribio dogo tu. Nimpeleke Mama, yaani mama mkwe wangu, kliniki ya magoti, kilomita chache, alizoee gari. Kwanza hakulala. Alikitazama kitanda changu, akatazama chini, akaketi kwenye kreti ya soda ninayotumia kama ngazi. Mimi na Mama hatuongei ana kwa ana, maneno yetu hupitia kwa Karimi kama maji kwenye mfereji. Nikamwambia Karimi amwambie kitanda ni chake. Karimi akanikanyaga mguu.

Pili, upepo. Barabara ikiwa kati ya kingo za udongo hujui kama kuna upepo. Ukitoka tu, upande wa Isiolo unafunguka wazi, na kitu kinakupiga ubavuni. Gari lilihama nusu ya barabara. Nikavuta stelingi, likaja sana. Nikarudisha, likaenda sana. Huku, kule, mara nne. Pikapu ya miraa ikatupita kama risasi, tukatikisika tena. Birika, pamoja na heshima zote za Jumanne, liliruka na ndoano yake.

Niliposimama Mama alikuwa ameshika mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Alisema neno moja, kwa sauti ndogo sana. "Nishushe."

Shemeji yangu Mutwiri alikuja kumchukua kwa gari lake. Hakunicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 9 Agosti. Karurumo

Tumerudi. Karimi hajaniambia zaidi ya maneno kumi tangu Chuka. Nimeyahesabu. Matatu yalikuwa "angalia ng'ombe huyo".

Karambu amepiga simu kuuliza nyanya alilipendaje gari. Nikasema network ni mbaya. Nikakata. Mwanaume wa miaka hamsini na nne.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepata dawa. Inaitwa stabilaiza ya stelingi. Niliiona kwenye simu: jamaa fulani nchi za mbali anaendesha nyumba kubwa kama kanisa, upepo unavuma, yeye anashika usukani kwa vidole viwili na kutabasamu. Nataka tabasamu lile.

Nimeenda Runyenjes kwa Fundi Nyaga. Stabilaiza yenyewe ni shokamzoba nyembamba inayolala ubavu. Mwisho mmoja unafungwa kwenye chesisi, mwingine kwenye fimbo ya stelingi. Fimbo ikitaka kuruka ghafla, inaizuia. Ukigeuza polepole, inakubali. Nimemwambia fundi nimeoa mtu wa hivyo hivyo.

Nyaga hakutaka kuanza na stabilaiza. Alilala chini ya gari, akatikisa hiki na kile, akasema bolijointi moja, kiungo cha gurudumu na stelingi, imelegea na magurudumu ya nyuma hayana upepo wa kutosha. Akayashughulikia. Kisha akasimama, akatazama juu ya paa kwa muda, kama mtu anayetazama nyani aliyeingia kanisani.

"Mwalimu wa mbao," akasema, "hilo tangi likijaa, umebeba ng'ombe kichwani. Hiki chuma hakiendeshi gari, kinatuliza mikono tu. Shusha ng'ombe."

Nikamwambia tangi lina kazi yake. Nikamwambia afunge chuma. Akafunga, huku anapiga mluzi ule wa mtu aliyeamua kunyamaza. Ameniambia nirudi baada ya safari mbili tatu aikaze nati upya, kwa sababu chuma kigeni hulegea kikianza kazi.

Nitarudi.

Alhamisi, 14 Agosti

Jaribio la stabilaiza. Nimeshuka hadi Ishiara peke yangu, nikanunua ndengu ili safari iwe na sababu ya heshima. Huko chini kumekauka, upepo umebeba vumbi lote la Mbeere na kulimwaga barabarani.

Matokeo. Kwenye mashimo stelingi haipigi tena mikono. Kweli kabisa. Kwenye upepo pia ni afadhali. Nadhani ni afadhali. Nilijaribu kutabasamu kwa vidole viwili, nikarudisha vyote kumi haraka.

Nimemwambia Karimi gari limepona. Akauliza nani alilipima. Nikasema daktari mwenyewe. Akauliza daktari yupi anayejipima akiwa mgonjwa.

Hata hivyo ameanza kuongea. Nimehesabu maneno, nikapoteza hesabu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya kanisa Karimi alimpigia mama yake. Waliongea muda mrefu, nami nikijifanya nasoma gazeti. Jibu ni hapana.

Sasa nimeelewa, na ni jambo ambalo seremala yeyote mwenye akili angeliona kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Mama anaogopa upepo, ndiyo. Lakini hata kama gari lingetulia kama mwamba, mama mkwe halali kwenye kitanda cha mkwe wake. Nimejenga nyumba nzima kwa ajili ya mwiko mmoja, halafu nikamtaka mwenyewe avunje huo huo mwiko kwa kulala nilipolala. Miaka ishirini na sita naheshimu mlango wake, kisha namwonyesha godoro langu. Ndiyo maana aliketi kwenye kreti. Alikuwa ananistahi mimi.

Nimeona aibu hadi masikio yamepata joto.

Karimi ametoa shauri. Kitanda chake mwenyewe. Kipya, ambacho hakijalaliwa na mtu, upande wake, na pazia katikati. Mimi mbele, pazia, yeye nyuma. Kitanda changu kitoke kabisa, kipumzike stoo. Na Mama ametoa masharti mawili kupitia simu. Kitanda kiwe chini, magoti yake hayapandi. Na hawezi kulala chini ya maji. Amesema katika maisha yake hajawahi kuwekewa mtungi juu ya kichwa akiwa usingizini, na hataanza sasa.

Tangi langu.

Nimekubali. Niliumia kama dakika tatu.

Amesema tukitimiza, atafikiria. Atafikiria si ndiyo. Zimebaki siku kumi na tatu.

Alhamisi, 21 Agosti

Kazi tu. Nimetoa mbao za muuru nilizoziweka miaka tisa nikingoja kazi inayozistahili. Nzito, mwenyewe nimebeba moja moja. Kitanda kifupi kwa kwenda juu, futi moja na kidogo, kando zimeinuliwa asibingirike. Kishikio upande wa ukuta, na kingine upande wa pazia.

Tangi nimelishusha. Ni bapa, limeenea chini ya kitanda, kati ya ekseli mbili, limefungwa kwa mikanda ya chuma. Maji hayashuki tena yenyewe, ni ya kupampu kwa mguu. Karimi amejaribu pampu, akasema sasa gari lina cherehani.

Paa limebaki na matundu manne. Nimeyaziba. Niliangalia paa tupu kwa muda. Basi.

Nimempigia Nyaga kumweleza kwamba tangi limeshuka kwa amri ya mama mkwe. Alicheka hadi akakohoa. Nilisahau kumuuliza habari ya nati.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama bado anafikiria.

Wageni wameuliza kama tarehe ni ile ile. Tumesema ndiyo. Karambu amenunua kitambaa cha nyanya, cha zambarau. Hakuna aliye na moyo wa kumwambia kitu. Sipendi kuwa mtu ambaye wote wanamtazama wakati wa chakula.

Jumatano, 27 Agosti. Muthara

Tumekuja bila kuitwa. Karimi ndiye aliyeamua. Alisema mama yake ni mtu wa kuona, si mtu wa simu.

Niliegesha nje ya lango. Mutwiri akamshika Mama mkono, wakaja polepole. Mimi nikasimama mbali, karibu na mahindi, kama mshtakiwa. Mama hakuingia. Alisimama mlangoni akaweka kiganja kwenye ubao wa kitanda. Akakipitisha hadi mwisho, akarudi. Akaulizia jina la mti. Karimi akajibu muuru. Akauliza nani amekilalia. Karimi akajibu hakuna. Akainama kwa shida, akatazama chini, akaliona tangi. Akatikisa kichwa kidogo.

Kisha akamwambia Mutwiri amletee mto wake kutoka nyumbani.

Nililia kidogo pale kwenye mahindi. Vumbi.

Nimelala sakafuni mbele, karibu na viti, juu ya mkeka. Mgongo utanidai. Hainihusu.

Alhamisi, 28 Agosti. Karurumo

Tumefika. Naandika mikono ikiwa bado imekunjika.

Tuliondoka saa tatu, jua limeshapanda, na upepo nao. Mama amelala nyuma, Karimi ameketi karibu naye, pazia limefungwa. Niliendesha kama ninavyoendesha siku zote, yaani kama mtu mwenye stabilaiza. Kingo za udongo zikaisha. Upande wa kulia ukafunguka. Upepo ukaja.

Gari likaegemea. Nilianza kuvuta stelingi kama ile siku, nikasikia sauti nyuma ya pazia. Si ya Karimi. Kwa miaka ishirini na sita sauti hiyo haijawahi kunielekea mimi moja kwa moja.

"Baba Karambu. Punguza. Hakuna anayetufukuza."

Nikaondoa mguu kwenye mafuta. Sikufunga breki, niliondoa mguu tu. Nikaacha kupigana na stelingi, nikaishika kama unavyoshika mkono wa mtoto anayevuka barabara. Hamsini, arobaini, thelathini na tano. Gari likaegemea tena, likarudi lenyewe. Likaegemea, likarudi. Pikapu za miraa zikatupita zikipiga honi, nami kila nilipoona moja inakuja kwenye kioo nikawa tayari, nikaipisha kidogo, ikapita. Birika lilining'inia kwenye ndoano mpya likacheza taratibu. Halikuanguka.

Nikasema, "Ndiyo, Mama." Nilisahau kupitisha kwa Karimi.

Kabla ya Meru mjini nilisikia akikoroma. Sijawahi kusikia muziki kama huo, hata ukutani mwa baa.

Saa tisa na nusu tukaingia Karurumo. Karambu alikuwa amesimama barabarani tangu saa sita. Alipanda ndani kabla gari halijasimama vizuri. Sikumgombeza.

Jumamosi, 30 Agosti

Wageni wamekuja, wamekula, wameposa, wamekubaliwa. Mama aliketi kwenye kiti chenye mito mitatu, kitambaa cha zambarau mabegani, akawauliza wazee wa upande wa pili maswali hadi mmoja akajipangusa jasho. Karambu hakutoka ubavuni mwake.

Kisha nikapewa nafasi ya kusema, na hapo nikaharibu. Badala ya kuongea juu ya binti yangu nikaongea juu ya stabilaiza. Jinsi ilivyoumeza upepo wa Muthara. Jinsi sayansi ilivyomleta nyanya. Nikaonyesha kwa mikono. Baba wa kijana, mwenye basi dogo la shule, akauliza inapatikana wapi. Nikasema nitampeleka kwa fundi mwenyewe. Watu wakapiga makofi.

Mama alinitazama kutoka kwenye mito yake. Sikuweza kuusoma uso wake.

Siku njema kuliko zote. Nimechoka vizuri.

Jumatatu, 1 Septemba

Mutwiri amepiga simu asubuhi. Alikuwa anafagia nje ya lango la Mama, pale nilipoegesha gari Jumatano. Ameokota nati. Kubwa, ina grisi mbichi, na tundu la waya wa kuizuia isifunguke halijawahi kupitishwa waya. Akauliza kama ni yangu, au nimeanza kutaga.

Nililala chini ya gari. Stabilaiza imeshikwa upande mmoja tu. Mwisho wa pili uko huru, unaning'inia, umejaa vumbi kavu la barabara yote kutoka Muthara hadi hapa.

Sijamwambia mtu. Nimekunywa chai, ikapoa, nikainywa ikiwa imepoa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimelipeleka kwa Nyaga, polepole kama maziko. Akatazama. Kisha akasema chuma kile kingeweza kukwama kwenye fimbo ya stelingi kwenye kona yoyote, na alikuwa ameniambia nirudi. Ni kweli. Aliniambia. Niliandika humu kwa mkono wangu: nitarudi.

Mama mkwe wangu na mke wangu walikuwa nyuma ya pazia lile.

Amefunga nati mpya na pini ya kuifunga isitoke. Amenifundisha kuikagua mwenyewe. Nimeikagua mara tatu mbele yake. Nikaikagua tena nyumbani.

Jumapili, 7 Septemba. Muthara

Jana tulimrudisha Mama. Safari nzuri. Stabilaiza safari hii imefungwa, na niseme haki yake: mikono haikuchoka, na upepo ulipopiga stelingi haikushtuka. Ni kitu kizuri. Ila hakifanyi muujiza, na sikipakazii tena muujiza.

Kilichotokea hasa tarehe 28 ni hiki. Gari lilitulia kwa sababu ng'ombe alishuka kichwani na kulala chini ya kitanda kizito, na kitanda kilikuwepo kwa sababu Mama alikataa kulala pangu. Lilitulia kwa sababu Nyaga alijaza magurudumu na kubadilisha bolijointi wakati mimi nataka chuma tu. Na lilitulia kwa sababu aliyelala nyuma aliniambia nipunguze. Kile nilichokisifia mbele ya wazee kilikuwa kinaning'inia chini ya gari kama mkia, na kingeweza kutuua.

Nimemwambia Karimi Jumanne. Alikasirika sawasawa, siku mbili, na alikuwa na haki. Nimempigia baba wa kijana, nikamwambia aanze na magurudumu. Leo asubuhi nimemwambia Mama. Niliketi kwenye kreti nje ya mlango wake, yeye ndani kwenye kiti, mlango wazi. Nilimweleza yote, hata nati. Karimi alikuwa jikoni. Hatukumwita.

Mama alimaliza kumenya ndizi aliyoshika. Kisha akasema, "Chuma sikukiona. Kitanda nilikiona." Akamenya nyingine. Akaongeza kwamba hotuba yangu ilikuwa ndefu.

Ni saa kumi. Naandika nje ya lango, mlango wa nyuma wa gari uko wazi. Upepo umeanza kushuka kutoka juu na kuinamisha mahindi. Gari linatikisika kidogo nami ndani yake. Nilitaka kumrudishia mto wake, akamtuma Mutwiri aniambie niuache ulipo, safari ya Desemba si mbali.

Upo pale, upande wake wa pazia. Sijaugusa.